Ukumbi wa turubai wa kupandia farasi: nina ofa mbili mezani, nichukue ipi?

MamaKwato

Wakuu, habarini za humu ndani. Mimi ni msomaji wa kimya kimya, leo imebidi niandike.

Nina shule ndogo ya kufundisha kupanda farasi. Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto na watu wazima wanaoanza, na wapo wachache wanaojiandaa na mashindano ya dresaji, yale ya farasi kumtii mpandaji na kuchora miduara na mistari kwa mpangilio. Uwanja wangu uko wazi. Jua likiwaka mchanga unageuka vumbi na farasi wanachoka mapema. Mvua ikinyesha, kesho yake uwanja ni dimbwi na masomo yanaahirishwa. Wazazi wameshaanza kununa. Nimeamua kuezeka, na kwa kuwa jengo la mabati la ukubwa huo limenishinda, nimegeukia yale ya fremu za chuma yanayovikwa turubai.

Ofa ya kwanza ni jengo la upinde, fremu inapanda kutoka ardhini upande mmoja na kushuka hadi ardhini upande wa pili. Upana mita 20, urefu mita 42, kimo cha katikati mita 7. Turubai ni PE (plastiki ya polithini), kipande kimoja kinafunika jengo zima.

Ofa ya pili ina nguzo zilizosimama wima mita 4, kisha paa la mgongo. Upana mita 24, urefu mita 64. Turubai ni PVC (kitambaa kilichopakwa plastiki ya aina hiyo) na linaingia vipande vipande, kila nafasi kati ya fremu mbili ina kipande chake. Bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza.

Muuzaji wa kwanza ananiambia mita 20 zinatosha kabisa kwa sababu kiwanja kidogo cha dresaji ni mita 20 kwa 40. Hesabu yake naiona iko sawa, lakini moyo unasita. Je, PVC ni bora kweli au ni maneno ya biashara? Na kelele? Nina jike mmoja wa kijivu, akisikia turubai la gari linapigwa na upepo barabarani anamtupa mtu. Nikimweka chini ya turubai la jengo zima si nitakuwa nimemtesa?

Nawasilisha.

---

BatiTupu

Mama Kwato, subiri, kusanya, jenga bati. Turubai ni turubai tu hata ulipe jina zuri namna gani. Litachanika.

---

MzeeHatamu

Mama Kwato, salama. Shughuli hii naijua kwa pande zote mbili. Ujana wangu niliumaliza nikisimamisha maghala ya turubai, sasa hivi nafundisha watu kukaa kwenye tandiko. Nitaongea kirefu kidogo, nivumilie.

Suala la PVC na PE liweke pembeni kwanza. Turubai linabadilishwa, jengo linabaki. Kitu ambacho hutakibadilisha kamwe ukishajenga ni upana, na ofa yako ya kwanza imeshakunyima huo upana kabla hujaanza.

Chukua kalamu. Upinde wa mita 20 chini na mita 7 katikati, ukiuchora kama kipande cha duara, utaona kwamba ukisogea ndani mita 1 kutoka ukingoni, paa liko mita 2 tu na kitu kidogo juu ya ardhi. Ukisogea mita moja na nusu, liko kama mita 2.75. Ukisogea mita 2 ndipo unapata mita 3.4 hivi. Sasa mpandishe mtu mzima juu ya farasi wa sentimita 160 begani, na kofia kichwani. Kichwa chake kiko mita 2.5 kutoka ardhini akiwa ametulia tu. Farasi akienda matiti, yaani mbio za polepole, anainuka na kushuka. Akiruka kiunzi, usiseme. Mkufunzi mwenye akili hatampeleka mtu karibu na ukingo ule, atamweka mita 2 ndani kila upande. Kwa hiyo mita 20 zako zimebaki 16.

Na duara la mita 20 ndilo mkate wa dresaji. Wanaoanza wanajifunzia humo, majaribio mengi ya ngazi za chini yanalidai. Huwezi kulichora ndani ya mita 16, farasi atalipindisha liwe yai na mwanafunzi atadhani kosa ni lake.

Aliyekuambia 20 kwa 40 hakudanganya kuhusu kiwanja, ila amechukua kipimo cha ndani akakiweka nje. Mita 20 za dresaji zinapimwa ndani ya uzio. Jengo linapimwa nje ya nguzo. Katikati ya vipimo hivyo viwili kuna unene wa nguzo na kuna mbao za pembeni, na mbao za pembeni haziwi wima. Zinalazwa kwa nje digrii 10 hadi 15, kimo chake kama mita 1.3, ili farasi akibana ukingo kwato zake zizuiwe chini na goti la mpandaji lisikwaruzwe juu. Nguzo yoyote lazima ikae nyuma ya mbao hizo. Nguzo iliyotokeza ndani ya njia ya farasi ni ajali inayosubiri siku yake. Kwa jengo la nguzo wima, hesabu kwamba kila upande utakula sentimita 70 mpaka 80. Mita 24 za nje zitakupa mita 22 na nusu za kupandia. Hizo zinatosha dresaji, na mwalimu anapata pa kusimama bila kukanyagwa.

Sasa rudi kwenye bei. Ofa ya kwanza ni mita za mraba 840, ya pili 1,536. Ukigawanya, bei ya mita moja karibu inalingana. Lakini wewe hununui kivuli, unanunua mahali pa kupandia. Ya kwanza inakupa kama 16 kwa 40, yaani 640. Ya pili inakupa karibu 1,400. Ile uliyoiona ghali ndiyo rahisi.

Kama fedha haitoshi, usipunguze upana, punguza urefu. Majengo haya yanakwenda kwa vipande, fremu baada ya fremu. Mwambie muuzaji wa pili akupigie bei ya mita 24 kwa 44, na akuandikie kwamba ukuta wa mwisho unaweza kufunguliwa na fremu nyingine kuongezwa baadaye. Kurefusha jengo la namna hii ni kazi ya kawaida. Kulitanua hakuna anayekubali, kwa sababu kila fremu ilipigiwa hesabu kwa upana ule ule. Ukifika siku unataka mita 60 za dresaji kubwa, unaongeza kwa mbele. Na ikiwa unawaza mashindano ya kuruka viunzi, kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, za ukumbi wa ndani zinataka angalau mita za mraba 1,200 na upande mfupi usipungue mita 20. Jengo la 24 kwa 64 linaingia humo, la kwanza haliingii hata kwa kusukumwa.

Chuma. Hapa ndipo watu wanapigwa. Wote watakuambia chuma chetu kina zinki, nacho kina zinki kweli. Ila zipo njia mbili. Wengine wananunua mabomba yaliyokwisha kupakwa zinki kiwandani, halafu wanayakata na kuyachomelea. Moto wa kuchomelea unaichoma zinki pale kwenye kiungo, wanapuliza rangi ya fedha juu, basi. Wengine wanachomelea fremu nzima kwanza, kisha wanaitumbukiza kwenye zinki iliyoyeyuka, nje na ndani ya bomba. Kiwango cha ISO 1461 kinahusu hiyo njia ya pili.

Usiwaulize kwa simu tu. Omba kwenda kuona fremu moja, inama kwenye kiungo. Fremu iliyotumbukizwa ina tundu dogo karibu na kila mahali bomba lilipofungwa, kwa sababu bila tundu hilo zinki haiingii ndani na hewa iliyonaswa inaweza kulipua bomba. Tena mshono wa kuchomelea utakuta una rangi ile ile ya kijivu na chuma kingine, umefunikwa sawasawa. Ukikuta mshono unang'aa tofauti, na ukiukwangua kwa ukucha au sarafu rangi inatoka, umepata jibu. Ukumbi wa farasi si ghala la saruji. Kuna pumzi za farasi, kuna mkojo na amonia yake, kuna mchanga unaomwagiwa maji kila siku. Kutu itaanzia ndani ya bomba usikokuona.

Na wapo wanaochanganya chumvi ya magnesiamu kwenye mchanga ili ushike unyevu na vumbi litulie. Inafanya kazi vizuri, naikubali. Lakini chumvi hiyo inakula chuma, hasa mabamba ya chini ya nguzo. Ukitaka kuitumia, nguzo zikae juu ya zege lililonyanyuka kuliko mchanga.

Sasa ndiyo tuje kwenye turubai lenyewe. PE ni nyuzi bapa za plastiki zilizofumwa na kupakwa plastiki ya aina hiyo hiyo. Nyepesi, nyingi zinacheza karibu na gramu 400 kwa mita ya mraba, inapitisha mwanga mwingi na bei yake ni nzuri. PVC ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC pande zote mbili, kizito zaidi, ya majengo ya kudumu iwe kati ya gramu 600 na 900 au zaidi, na juu yake kuna vanishi inayozuia uchafu kushika na jua kuila haraka. PVC ikitoboka, fundi anapanda na bunduki ya hewa moto na kirola kidogo, anaweka kiraka kinachoshikamana na kitambaa chenyewe. PE nayo inaunganishwa kwa joto, lakini kiraka cha pale pale uwanjani mara nyingi huishia kuwa utepe. Siwezi kumwambia mtu PE ni takataka. Nimeona PE iliyofungwa vizuri ikikaa miaka mingi, na PVC iliyofungwa ovyo ikachanika mapema, kwa maana hiyo BatiTupu hakukosea sana.

Kinachoua turubai ni kucheza. Turubai liwambwe kama ngoma, kwa urefu na kwa upana. Likilegea linapiga, likipiga linasuguana na chuma, likisuguana linatoboka. Hapo ndipo ofa ya pili inanivutia. Kipande chake kina uzi mnene kwenye kingo zake, uzi huo unaingia kwenye mfereji wa reli ya alumini iliyofungwa juu ya fremu, kisha kinavutwa. Kila nafasi inajitegemea. Tawi likianguka na kuchana kipande kimoja, unabadilisha hicho hicho na masomo yanaendelea upande wa pili. La kipande kimoja likichanika kati, upepo ukiingia hapo unaendelea na safari yake.

Na jike wako wa kijivu: turubai la gari linampa hofu kwa sababu limelegea. Lililowambwa halipigi. Mvua ndogo juu yake inasikika kwa mbali, kuliko bati ambapo mwalimu na mwanafunzi hawasikilizani kabisa. Mvua kubwa utaisikia, usidanganywe. Kwenye nchi za theluji kuna sauti moja mbaya, theluji ikiteleza kwa mkupuo kutoka paani, farasi wote wanaruka kwa pamoja. Huko hakuna dawa ila kuzoea, na kutoruhusu mtu kusimama chini ya ukingo wa paa.

Faida ambayo wauzaji wanaisahau ni mwanga. Turubai jeupe linausambaza sawa, huoni vivuli. Kwenye ukumbi wa bati wenye vipande vya plastiki vinavyopitisha mwanga, jua linachora mistari myeupe mchangani, na farasi mchanga anairuka kila anapoifikia, kwa sababu macho ya farasi yanachelewa kuliko yetu kuzoea kutoka mwangani kwenda gizani. Wazazi watasema farasi mkorofi.

---

NatiNaBolti

Mzee Hatamu, shikamoo. Umemaliza karibu yote, naongeza kwenye upepo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mama Kwato, watu wanaogopa jengo la turubai litaanguka. Mara nyingi hatari iko upande mwingine, linataka kuruka. Kitambaa chenyewe hakifiki hata kilo 1 kwa mita ya mraba. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, una mkandamizo wa takriban niutoni 245 kwa mita ya mraba. Upepo ukifika mita 40 kwa sekunde mkandamizo hauwi mara mbili, unakuwa mara nne, karibu 980. Huo ni kama uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Tuseme nusu yake tu ndiyo inavuta paa lako la mita 1,536 kwenda juu. Ni zaidi ya tani 75. Ukitaka kuzizuia kwa uzito wa zege peke yake, unahitaji kama mita za ujazo 32 za zege, kwa sababu mita moja ya ujazo ina tani 2.4. Hii ni hesabu ya kukupa picha, haichukui nafasi ya mhandisi wako. Halisi inaangalia umbo la paa, milango iko wapi, na kama eneo lako ni tambarare tupu au lina miti.

Kwa hiyo ofa yoyote isiyosema msingi ukoje haijakamilika. Uliza: je, ni nguzo za zege, ni nanga za kuzungushwa ardhini, au ni mabamba yaliyopigwa misumari mirefu? Nanga za kuzungushwa ni nzuri na za haraka, lakini lazima zijaribiwe kwa kuvutwa kwenye udongo wako wewe. Misumari mirefu waachie wenye mahema ya harusi.

Jambo la pili, uzito wa kuning'iniza. Taa, mabomba ya kunyunyizia maji, feni, spika. Muuzaji akuandikie kila fremu inaruhusiwa kubeba kilo ngapi za ziada. Bila karatasi hiyo usiruhusu fundi umeme afunge kitu juu.

Tatu, wauzaji wengine wanauza jengo kama la muda ili wakwepe mahesabu ya upepo na theluji ya jengo la kudumu. Litakaa miaka 20 juu ya vichwa vya watoto, hilo si la muda. Dai michoro iliyosainiwa na mhandisi anayetambulika kwenu, yenye kasi ya upepo ya eneo lako imeandikwa kwa tarakimu.

---

MamaKwato

Mungu awabariki. Mzee, nimechora ule upinde kwenye karatasi ya mraba mraba kama ulivyosema na nimekaa kimya kwa muda. Nilimpigia muuzaji wa kwanza nikamuuliza kichwa cha mpandaji kiko wapi akiwa mita 1 kutoka ukutani. Kanijibu watoto ni wafupi.

Wa pili amekubali kunipigia bei ya 24 kwa 44 na kuandika kuhusu kurefusha. Fremu zake ameniambia zinatumbukizwa, nakwenda kuziona.

Yamebaki mambo matatu. Waranti yake inasema miaka 15 kwa turubai, hiyo ni nzuri? Pembeni nifunge kabisa au niache wazi? Na moto, maana mume wangu ameshikilia kwamba plastiki itawaka yote mara moja.

---

MzeeHatamu

Huyo wa watoto ni wafupi mwache aende zake. Watoto wanakua, na mwalimu naye anapanda.

Waranti isome kuanzia mwisho. Idadi ya miaka imeandikwa kwa herufi kubwa mbele, masharti yako nyuma. Nyingi zinashuka kadiri miaka inavyokwenda, mwaka wa 10 unaweza kukuta wanalipa theluthi ya kitambaa na wewe unalipa kinachobaki, pamoja na mafundi, kreni na usafiri. Tafuta sentensi inayosema nani analipa kazi ya kushusha na kupandisha. Tafuta upepo wa kiasi gani umetolewa nje ya waranti. Na tafuta kama wanakudai turubai likazwe tena kila baada ya muda fulani na fundi wao, maana usipofanya hivyo waranti imekufa. Kitambaa kipya hulegea kidogo baada ya miezi ya mwanzo, lazima kikazwe. Hilo liingie kwenye bei leo, lisiwe ankara ya kushtukiza. Halafu omba bei ya turubai la kubadilisha, utaihitaji siku moja, ujue unaweka akiba ya kiasi gani.

Pembeni. Usifunge kabisa, wala usiache wazi kabisa. Ukifunga, pumzi za farasi na maji ya mchanga vinapanda juu, vinakutana na turubai lililopoa usiku, asubuhi yanadondoka matone. Utaona mchanga una vidoti vyeusi chini ya kila bomba. Ukiacha wazi moja kwa moja, upepo unaingia kwa chini na kusukuma paa kwa ndani wakati huo huo unalivuta kwa nje. Hapo mwulize Nati, kwa sababu jengo lililo wazi na lililofungwa yana hesabu tofauti na huruhusiwi kubadili mawazo baada ya kununua. Mimi napenda hivi: chini mbao za pembeni, juu yake wavu mzito unaokata upepo na kupitisha hewa hadi karibu na paa, na kwenye mgongo wa paa tundu la kutolea hewa moto. Kama mnapata mvua za kulala, pazia la kukunja upande unakotoka upepo. Farasi pia anapenda kuona nje kinachokuja. Ukuta mzima wa turubai, akisikia mbwa nyuma yake asimwone, ndipo anapokurusha.

Moto. Mume wako ana haki ya kuuliza. Kitambaa kizuri kina dawa ya kuzuia moto na cheti cha majaribio. Ulaya angalia EN 13501-1, nyingi nzuri zimeandikwa B-s2,d0, na hiyo d0 maana yake halidondoshi matone yanayowaka. Marekani wanatumia NFPA 701. Cheti kiwe cha kitambaa kile kile unachouziwa, kisiwe cha ndugu yake. Lakini kinachochoma kumbi za farasi ni majani makavu, maranda na nyaya za umeme zilizogugunwa na panya. Usihifadhi majani ndani ya ukumbi hata kama kona iko tupu na inakutamanisha.

Hujauliza maji na mimi siwezi kunyamaza. Paa la 24 kwa 44 ni mita za mraba 1,056. Mvua ya milimita 40 ni lita zaidi ya 42,000, nusu kila upande, zinaanguka kwenye mstari mmoja wa ardhi. Majengo mengi ya turubai hayana mifereji ya paa, na kuifunga baadaye kwenye kitambaa ni taabu. Chimba mtaro wenye kokoto na bomba la matundu chini ya kila ukingo, uupeleke mbali, kabla jengo halijasimama. Usipofanya hivyo maji yatarudi chini ya mchanga wako kwa mlango wa nyuma, na ukumbi uliojengwa kukimbia mvua utakuwa na matope. Huku katikati kukiwa na vumbi, kwa sababu mvua haiingii tena. Kunyunyizia maji sasa ni kazi yako ya kila siku.

---

BatiTupu

Haya nimewasikia. Nakubali la mistari ya mwanga, ninayo kwangu na kuna dume mmoja anairuka mpaka leo. Ila hamjamwambia habari za ndege. Njiwa wakishazipenda hizo fremu zenu, mchanga utakuwa mweupe.

---

MzeeHatamu

Kweli kabisa, na hapo bati na turubai ni ndugu. Fremu zenye vibomba vingi vilivyopishana ni vitanda vya njiwa. Fremu za chuma kimoja kizito zina pa kutua pachache, ila bei yake ni nyingine. Wavu wa pembeni ufike hadi juu kabisa na tundu la mgongo liwe na wavu wake. Wakiingia, wanaingilia mlangoni.

---

MamaKwato

Mlango nao! Wote wawili wameniwekea wa mita 3 kwa 3. Na mchanga, uingie kabla au baada ya jengo?

---

NatiNaBolti

Mlango omba mita 4 kwa 4 upande mmoja mfupi, wa kuteleza, reli iwe juu na nje. Kuongeza sasa hivi ni mstari mmoja kwenye mchoro. Kuongeza baadaye ni kukata fremu ya mwisho, na hiyo ndiyo inayokaza turubai lote.

Mpangilio wa kazi: kusawazisha ardhi, mitaro, misingi, tabaka la kokoto lishindiliwe, kisha jengo, kisha mbao za pembeni, mchanga mwisho. Mchanga ukitangulia utajazwa vipande vya chuma na bolti za mafundi, halafu kwato ndizo zitakazoziokota.

Na lori la mchanga limwage nje. Likiingia ndani na kuinua bodi lake linafika juu kuliko mlango, dereva hukumbuka hilo akiwa ameshagusa fremu. Mchanga uingizwe kwa trekta, kuanzia mwisho wa ukumbi kurudi mlangoni, sentimita 6 hivi kwa kuanzia. Kuongeza ni rahisi, kutoa ni adhabu.